Gesi ikivuja, tukimbie au tujifungie ndani?

Swali: Mtaa wetu uko kama kilomita mbili kutoka kiwanda chenye mitambo ya kugandisha inayotumia amonia, na hapo hapo wanahifadhi mitungi ya klorini ya kutibu maji. Miezi michache iliyopita amonia kidogo ilivuja usiku. Hakuna aliyekufa, lakini watu walitoka mbio huku na huko, wengine wakiifuata harufu badala ya kuikimbia. Kamati ya wakazi imenipa mimi, mwenyekiti wake, kazi ya kuandaa utaratibu wa tahadhari. Wenzangu wamegawanyika: kuna wanaosema likitokea tena watu wote wakimbie, kuna wanaosema wajifungie ndani. Viongozi nao wanatuambia tusitangaze kitu mpaka wahakikishe, tusije tukaleta taharuki. Tufanyeje, na tuanzie wapi?

Jibu: Mwenyekiti, nitaanza na kauli ya viongozi wenu, maana ikiachwa ilivyo, hayo mengine uliyouliza hayatakuwa na faida. Kusubiri mpaka mtu "ahakikishe" ndiko kunakokula dakika ambazo watu wangezitumia kujiokoa. Gesi haisubiri kikao.

Watafiti wa maafa wamelichunguza suala la taharuki kwa zaidi ya nusu karne. Enrico Quarantelli, mwanasosholojia aliyeshiriki kuanzisha kituo cha utafiti wa maafa nchini Marekani mwaka 1963, alionyesha katika kazi yake ya miaka mingi kwamba watu walio hatarini ni nadra kupagawa. Tatizo la kawaida ni kinyume chake. Mtu anasikia tangazo, haamini. Anachungulia dirishani, anamuuliza jirani, anampigia simu shemeji yake, anamalizia kuosha vyombo, ndipo anaanza kuwaza kuondoka. Muda huo wa watu kuulizana upo kila mahali duniani, na mpango wowote wa tahadhari usiouhesabu umekwisha kufeli kwenye karatasi. Wale walioonekana usiku ule wakikimbia ovyo walikuwa watu wenye akili timamu, wameinusa hatari na hawakuambiwa pa kwenda. Ukimya ndio uliowatoa mbio.

Mfano mchungu wa "tulieni" ni Armero, nchini Colombia. Alasiri ya tarehe 13 Novemba 1985 volkano ya Nevado del Ruiz ilianza kuumwagia mji huo majivu. Ramani iliyoonyesha kwamba mji uko kwenye njia ya tope la volkano ilikuwa imekwisha kuchorwa mwezi uliotangulia. Wakazi waliambiwa watulie, wabaki majumbani. Mlipuko mkubwa ulitokea kama saa tatu usiku, na tope lilichukua zaidi ya saa mbili kuufikia mji. Miinuko ya kukimbilia ilikuwapo, tena si mbali. Watu wapatao 23,000 walikufa.

Kwa upande wa gesi, ambao ndio wenu, kila anayefanya kazi hii huanzia Bhopal, India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, takriban tani 40 za methili isosianeti zilitoka kwenye tangi la kiwanda cha viuatilifu. King'ora cha kuwaonya majirani kililia kwa muda mfupi kikazimwa, kwa sababu utaratibu uliokuwapo ulitaka watu wasisumbuliwe na uvujaji mdogo mdogo. Wengi waliamshwa na macho yanayowaka na kikohozi kisichokatika. Wakatoka nje wakikimbia, na anayekimbia anavuta hewa nyingi zaidi kuliko aliyetulia. Wengine walikwenda upande ule ule wingu lilikokuwa linaelekea. Maelfu walipoteza maisha. Kwa hiyo kiongozi akikuambia "tusiwatie watu hofu", muulize kwa adabu: hofu ipi anayoizungumzia, ya kuambiwa saa nne au ya kuinusa saa nne na nusu?

Sasa swali lenyewe. Wenzako wote wana haki, kila kundi kwa hali yake. Kinachoamua ni muda, na hesabu zake ni mbili tu: wingu la gesi litafika baada ya dakika ngapi, na watu wanahitaji dakika ngapi kutoka nje ya eneo lote litakalopitiwa. Hesabu ya pili ikiizidi ya kwanza, kutoka nyumbani ni kwenda kukutana na gesi barabarani.

Tuipige hesabu ya kwenu. Upepo mwanana wa mita mbili kwa sekunde, ule unaotikisa majani tu, unakwenda kilomita saba na ushei kwa saa. Kilomita mbili unazimaliza kwa dakika 17 hivi. Toa dakika ambazo mtu wa zamu kiwandani atatumia kugundua kwamba si pampu tu iliyoharibika. Toa dakika za kumtafuta msimamizi kwa simu. Toa zile za ninyi kupata habari na kuanza kutangaza, kisha toa zile za watu kuulizana nilizozitaja. Mkibahatika mtabaki na dakika saba au nane. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi anatembea kilomita nne kwa saa, nyuma yake linakuja wingu lenye mwendo wa saba. Hawezi kulishinda.

Ndiyo maana bomba likipasuka ghafla au valvu ikiachia, agizo la kwanza kwa watu walio upande upepo unakoelekea huwa ni kuingia ndani na kufunga kila kitu. Nyumba haiizuii gesi, inaichelewesha. Hewa ya nje hujipenyeza ndani kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi wenye nyufa: taratibu, na mtumbwi mzima zaidi huingiza kidogo zaidi. Wingu likipita kwa dakika 20 au 30, aliye ndani atakuwa amevuta sehemu ndogo tu ya kile ambacho angekivuta nje. Hilo mara nyingi ndilo linalotenganisha kuwashwa macho na kulazwa hospitalini.

Lakini mtumbwi huo una upande wake wa pili, na ndio unaosahaulika hata kwenye mipango iliyoandikwa na wataalamu. Wingu likishapita, hewa ya nje inakuwa safi na sumu iliyobaki ni ile iliyoingia ndani. Anayeendelea kujifungia wakati huo anajidhuru mwenyewe. Kwa hiyo agizo la kujifungia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwaambia watu lini wafungue madirisha yote, watoke nje na waache nyumba ipitiwe na upepo. Kama hamna njia ya uhakika ya kulitoa tangazo hilo la pili, mnahatarisha maisha ya watu mliotaka kuwaokoa.

Kujifungia kwenyewe kuna ufundi wake. Funga milango na madirisha, zima feni na kiyoyozi chochote kinachovuta hewa ya nje. Ingia chumba kimoja, kile chenye madirisha machache na kisichoelekea kiwanda. Taulo au kanga iliyoloweshwa izibe chini ya mlango, utepe wa gundi uzibe nyufa kubwa. Nyumba ikiwa ya ghorofa, pandeni juu: klorini ina uzito wa mara mbili na nusu wa hewa, hutambaa chini na kujaa mabondeni na kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Amonia kwa asili ni nyepesi kuliko hewa, lakini msijidanganye. Ikitoka kwenye tangi ikiwa kimiminika hupoa mno, ikawa ukungu mweupe mzito unaotembea juu ya ardhi. Kwa saa chache, mita moja ya mraba ya sakafu kwa kila mtu inatosha. Jiko la mkaa au la mafuta lisiwashwe humo kabisa, maana mtakimbia amonia mkafia mikononi mwa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu itokayo kwenye jiko hilo.

Kitambaa chenye maji puani husaidia kiasi kwa gesi zinazoyeyuka majini, na amonia ni mojawapo. Ni cha kukuvusha kutoka uani hadi chumbani, usikitegemee kwa safari. Na pua yenyewe msiifanye kipimo cha kila kitu. Amonia ina tabia nzuri ya kunuka mapema kabla haijafikia kiwango cha kuua. Kuna gesi nyingine, kama sulfidi ya hidrojeni, ambazo zikizidi huifisha pua, na mtu anadhani harufu imekwisha kumbe sasa ndiyo imekolea.

Sasa kuna nyumba ambazo kujifungia ndani yake ni jina tu: zenye uwazi kati ya ukuta na paa, zenye madirisha ya mbao yasiyofunga vizuri, zenye kuta za mabati. Sehemu ya msiba wa Bhopal ilitokana na hilo, maana waliokuwa karibu zaidi na kiwanda walikuwa kwenye vibanda. Msiandike mpango mmoja kwa mtaa mzima kana kwamba nyumba zote ni sawa. Pita nyumba kwa nyumba na wajumbe wako, hesabuni zisizofungika, na kwa kila kundi la nyumba hizo chagueni jengo imara lililo umbali wa dakika mbili tatu kwa miguu. Mwenye jengo akubali mapema na funguo ziwe kwa watu wawili wanaolala hapo mtaani. Jengo lisilo na mwenye funguo usiku halifai kuorodheshwa.

Kuna hali ambazo kujifungia ni kosa na watu wanatakiwa kuhama. Ya kwanza ni pale tangi linapochemka kwa moto ulio karibu nalo au gesi yenyewe inapokuwa ya kuwaka, kama ile ya kupikia, kwa sababu ukuta wa nyumba haucheleweshi mlipuko. Ya pili ni uvujaji unaotarajiwa kuendelea kwa saa nyingi. Mtumbwi utajaa tu. Ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote: mna muda. Kiwanda kimegundua tangi lina ufa, halijavuja bado, na mafundi wanataka kulimwaga polepole. Hapo watu wahamishwe mapema, kwa utulivu, kabla hakijaharibika kitu.

Anayehama asiende na upepo wala asielekee kiwandani. Aukate upepo kwa pembeni. Wingu la gesi karibu na chanzo chake huwa jembamba kuliko watu wanavyofikiri, na mita mia chache za kwenda pembeni huokoa kuliko kilomita mbili za kukimbizana nalo. Ili watu wajue upepo unavuma kutoka wapi, hamhitaji mashine. Simikeni mlingoti mrefu wenye kitambaa cha rangi kali mahali panapoonekana na mtaa mzima, na muuwekee taa. Nasisitiza taa kwa sababu usiku ndio mbaya zaidi. Anga likitulia usiku, hewa ya chini haichanganyiki vizuri na ya juu, na wingu hubaki zito na kwenda mbali zaidi. Mwongozo wanaoutumia wazimamoto wa Amerika Kaskazini kwa ajali za kemikali huweka umbali mmoja wa mchana na mwingine wa usiku kwa sababu hiyo.

Kuhamisha watu kukifanywa vizuri kunawezekana hata kwa umati mkubwa. Usiku wa tarehe 10 Novemba 1979, treni ya mizigo yenye kemikali iliacha reli huko Mississauga, Kanada. Mabehewa ya propani yalilipuka na kuwaka, na katikati yake kulikuwa na behewa la klorini lililotoboka. Watu zaidi ya 200,000 waliondolewa, kanda baada ya kanda, kadiri upepo na taarifa zilivyobadilika. Hakuna aliyekufa. Lakini kuhamisha nako kuna bei yake. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, mwaka 2011, wagonjwa na wazee walitolewa hospitalini na kwenye nyumba za kutunzia wazee kwa haraka, wakakaa kwenye mabasi saa nyingi bila dawa wala wauguzi, na makumi kadhaa wakafa. Mkoa huo ulikuja kuhesabu vifo zaidi ya 2,000 vilivyohusishwa na machungu ya kuhama na kuishi ugenini. Kwa hiyo zahanati, wodi ya wazazi na wazee wasiotembea msiwaweke kwenye kundi la "wote wakimbie". Chumba kilichozibwa vizuri, kikiwa na dawa na muuguzi ndani, kwa wengi wao ni salama kuliko machela barabarani.

Tuje kwenye maneno ya tangazo. Naona kamati nyingi zikichangishana fedha za ving'ora, halafu siku ya siku hakuna anayejua aseme nini. Dennis Mileti, mtafiti wa Marekani aliyebobea kwenye suala hili, alisisitiza kwamba tangazo linalowafanya watu wachukue hatua hubeba mambo matano: nani anasema, hatari ni ipi, iko wapi, ni saa ngapi, na mtu afanye nini hasa. Sasa soma hili, la aina mnayoisikia kila mara:

"Wananchi mnaombwa kuwa watulivu na kuchukua tahadhari kufuatia hitilafu iliyojitokeza kiwandani. Wataalamu wanaendelea kulishughulikia suala hilo."

Hakuna hata moja kati ya yale matano. Aliyelisikia atatoka nje kwenda kuulizia, yaani atafanya kile hasa msichokitaka. Linganisha na hili:

"Hili ni tangazo la kamati ya wakazi pamoja na kikosi cha zimamoto. Gesi ya amonia inavuja kiwandani tangu saa 4:10 asubuhi. Inaunguza macho na mapafu na inaweza kuua. Upepo unaipeleka mashariki. Kama uko kati ya kiwanda na reli, ingia ndani sasa hivi, funga milango na madirisha, zima feni, kaa chumba kimoja. Watoto wako ndani ya madarasa na walimu wao wamefunga, usitoke kuwafuata. Walio ng'ambo ya reli, bakini huko, msije kutazama. Tutatangaza tena saa 4:30."

Tazama mipaka iliyotajwa: kiwanda na reli, vitu ambavyo mtu anaviona. Hakuna anayejua "eneo la mita 1,500" linaishia kwa nani. Sentensi ya watoto msithubutu kuiacha. Mzazi asiyejua mtoto yuko wapi hatajifungia hata ukimwekea askari mlangoni, na wala huwezi kumlaumu. Hiyo ina maana kwamba shule lazima iwe na mpango wake uliojaribiwa na wazazi wawe wameuona, la sivyo tangazo linadanganya. Na ile saa 4:30 ni ahadi. Ikifika na hamna jipya, semeni hamna jipya. Mkinyamaza, uvumi utawasemea.

Vyombo vya kutangazia sitakaa navyo sana, maana ndivyo vinavyopendwa kuliko vinavyostahili. King'ora ni cha watu walio nje, na kinasema jambo moja tu: kuna kitu. Kile kitu ni nini, watu wajue kabla. Mji wa Lahaina, Hawaii, ulipoungua tarehe 8 Agosti 2023 na watu wapatao mia moja kufa, ving'ora havikupigwa. Mkuu wa idara ya dharura alieleza kwamba watu wamezoea kuvihusisha na tsunami, na aliogopa wangekimbilia mlimani, kwenye moto. Wakosoaji wake walikuwa wengi na akajiuzulu, lakini tatizo alilolitaja ni la kweli kwa kila king'ora kisichofuatwa na maneno. Kwenu king'ora kiwe na maana moja tu iliyofundishwa: ingia ndani, sikiliza redio au simu.

Ujumbe mfupi wa kawaida wa simu hutumwa kwa namba moja moja na mtandao ukielemewa unafika kesho. Kama nchi yenu ina mfumo wa minara kurusha ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo eneo hilo, bila kuhitaji namba wala kuathiriwa na msongamano, ulizieni nani ana mamlaka ya kuurusha na kwa muda gani. Chombo kizuri kikitumika kwa kuchelewa hakifai. Huko Valencia, Hispania, tarehe 29 Oktoba 2024 idara ya hali ya hewa ilitoa onyo jekundu asubuhi, lakini ujumbe wa simu kwa wakazi ulitumwa baada ya saa mbili usiku, wakati watu wengi walikuwa wameshazingirwa na maji. Waliokufa walizidi 220.

Chombo ninachokiamini kuliko vyote ni mtu anayefahamika kwa jina, amesimama mlangoni. Bangladesh ilipoteza watu wasiopungua 300,000 kwenye kimbunga cha mwaka 1970. Mwaka 1972 ikaanzisha programu ya watu wa kujitolea, ambao leo wanazidi 70,000, wenye vipaza sauti vya mkononi, bendera na ving'ora vya kuzungusha kwa mkono. Kimbunga Amphan kilipokuja mwaka 2020, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa na waliokufa nchini humo hawakufika hata mia. Satelaiti zilisaidia, lakini aliyemtoa bibi ndani ya nyumba ni mjukuu wa jirani aliyevaa fulana ya programu. Kwa gesi, tofauti ni kwamba huyo mjumbe hapaswi kuzunguka nje wingu likiwa njiani. Kazi yake ya mlango kwa mlango aifanye sasa: nani haisikii sauti, nani haoni, nani anaishi peke yake, nani amelala mchana kwa sababu anafanya kazi usiku. Kila mmoja wa hao apewe jirani wa ukuta mmoja, atakayegonga ukuta au kumulika tochi dirishani.

Nimechelewa kuligusa jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko yote: nani anabonyeza kitufe. Tahadhari nyingi zilizoshindwa hazikushindwa kwenye kipaza sauti. Zilishindwa mezani, pale mtu mmoja alipokuwa akimsubiri mwingine aruhusu. Dawa yake ni kukata uamuzi leo, mkiwa mmekaa na chai. Andikeni masharti yasiyohitaji busara: kitambuzi cha gesi kwenye uzio wa kiwanda kikilia, msimamizi wa zamu anapiga king'ora cha mtaa hapo hapo, bila kumpigia meneja. Wajumbe wawili wakinusa amonia sehemu mbili tofauti za mtaa, mnatangaza kujifungia hata kama kiwanda hakijasema kitu. Kujifungia ndani nusu saa kwa gesi ambayo haikufika hakumgharimu mtu zaidi ya wali kuungua. Viongozi waweke sahihi kwenye masharti hayo mapema. Usiku wa tukio hawana tena kitu cha kuidhinisha.

Mtatangaza bure siku moja, hilo lisiwatishe. Linalovunja imani ni kuchelewa kusahihisha. Tarehe 13 Januari 2018 simu za watu wa Hawaii zilipokea onyo la kombora linalokuja. Lilikuwa kosa, wahusika walilijua ndani ya dakika chache, lakini masahihisho yalifika kwenye simu zile zile baada ya dakika 38, kwa sababu hapakuwa na ujumbe wa kufuta uliokuwa umeandaliwa. Kwa hiyo siku mnayoandika tangazo la hatari, andikeni matatu kwa pamoja: la kujifungia, la kufungua madirisha na kutoka, na la "tumekosea, hakuna hatari". Yasomwe kwa sauti kwa bibi mmoja na kijana mmoja. Wakikwama kwenye neno, libadilisheni.

Umeuliza muanzie wapi. Baada ya Bhopal, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilianzisha mwaka 1988 mpango wa APELL, unaowakalisha meza moja watu wa kiwanda, serikali za mitaa na wakazi kuandaa dharura pamoja. Si sheria, ni utaratibu, na hamhitaji ruhusa ya mtu kuuiga. Ombeni kikao na kiwanda, na mwende na maswali mafupi: tangi kubwa kuliko yote lina tani ngapi za amonia, mitungi ya klorini iko mingapi na imewekwa wapi, vitambuzi viko pande zipi za uzio, na wingu la ajali mbaya kuliko zote wanazozifikiria linafika hadi wapi mchana na hadi wapi usiku. Wakisema hizo ni siri za biashara, ulizeni zimamoto wanazo. Kama nao hawana, hapo mna hoja ya kupeleka mbele zaidi. Msiondoke bila namba ya simu ya chumba cha zamu, ile inayopokewa na mtu anayeweza kuvitazama vipimo kwa macho yake. Halafu ipigeni siku moja saa nane usiku, bila kuwaarifu, mwone inaita mara ngapi kabla ya kupokewa na kama anayepokea anajua ninyi ni nani.